Nani Alipiga Picha Hii?

Picha yetu ya Pasaka ilipotumwa kwenye kundi la WhatsApp la familia, watu walimimina mioyo mekundu. Tuko 19 chini ya mwembe wa babu, Nassa, asubuhi kabla ya kwenda kanisani, na nyuma yetu Ziwa Victoria linaonekana kama mstari wa kijivu. Sote tumevaa kitenge kimoja cha bluu chenye maua ya manjano: wanaume mashati, wanawake magauni, watoto vipande vilivyobaki kwa fundi. Kitambaa nilikichagua mimi. Nilikipenda mno kiasi kwamba ilinichukua miezi kuiangalia picha yenyewe vizuri.

Tuanze na uzuri wake. Sare inafanya familia ionekane mwili mmoja. Mkono wa baba mdogo unapotea begani kwa kaka, na mtoto aliyepakatwa haonekani anapoanzia. Washauri wa mitindo wa siku hizi wangetukataza. Wao husema chagueni rangi tatu zinazoelewana, kila mtu avae ya kwake, ili jicho lipate nafasi ya kutua kwenye kila uso. Kwa jicho, ushauri huo ni mzuri. Lakini sare kwetu haikuanza kwa ajili ya picha. Ilianza kwenye harusi na sherehe za kumuaga binti, ambako ukiingia ukumbini unajua mara moja nani ni wa upande gani. Kitambaa ni orodha ya majina. Na kila orodha ina aliyesahauliwa.

Bibi ana picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, ya yeye na dada yake wakiwa wasichana. Wamejifunga kanga zinazofanana. Zilikuwa za rangi gani? Picha haisemi, enzi zile familia haikuweza kulinganisha rangi mbele ya kamera, ililinganisha maua na mistari. Bibi anasema walikuwa na doti moja tu, wakaigawa, kila mmoja akachukua kipande chake. Kufanana kwao kulitokana na uhaba. Hakuna aliyechangishwa.

Jambo kama hilo liko kwenye picha za Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948. Wengi husifu jinsi maua ya nguo yanavyogombana na maua ya pazia nyuma ya mtu. Mimi nasifu kabati lake. Studio ilikuwa na suti, tai, saa na hata redio za kuazima. Mtu aliingia na alichokuwa nacho, akakamilishiwa kilichopungua, akatoka kwenye picha akiwa sawa na jirani yake. Huwezi kujua nani aliazima. Huo ndio ustaarabu wa studio ile.

Sasa rudi kwenye picha yetu, chini kushoto. Kuna kivuli kirefu kinachogusa miguu ya watoto: kichwa chenye kilemba, viwiko vimeinuliwa. Ni kivuli cha mtu aliyeshika simu. Ni shangazi.

Mchango wa kitambaa na fundi ulikuwa shilingi 35,000 kwa mtu mzima. Niliutangaza mwezi Machi. Sisi tuliopanga tunaishi Mwanza na Dar es Salaam, na mishahara yetu huingia kila mwisho wa mwezi. Shangazi analima pamba. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, lakini ununuzi wake kwa kawaida hufunguliwa Mei. Machi na Aprili pamba ya mkulima bado iko shambani na mfuko wake ni mtupu. Hakulalamika. Asubuhi ile alisema tu, "Lete hiyo simu, mwanangu, nyie jipangeni." Nikampa, tena nikamshukuru. Nilidhani anasaidia.

Sehemu kubwa ya pamba ya Tanzania huuzwa nje ikiwa ghafi, nasi hununua vitambaa vilivyofumwa kwingine. Kwa hiyo mtu pekee katika familia yetu anayelima pamba ndiye aliyekosa nguo ya kusimama nayo.

Mwezi Julai nilikwenda kumsalimia. Baada ya shikamoo na marahaba, aliingia ndani akatoka na noti alizokuwa amezikunja kwenye kitambaa cha mkononi. "Pamba imelipwa," alisema. "Kile kitenge bado kipo?"

Nilimwambia nitaangalia. Dukani jora lilikuwa limekwisha, na mwenye duka hakujua kama lingerudi.

Kama hakiki, basi hukumu yangu ni hii: picha ile imepangika vizuri, rangi zake zimetulia, na imeharibika. Iliharibika Machi, kabla kamera haijafunguliwa, pale nilipouliza ni rangi gani itatupendeza bila kuuliza nani ana pesa mwezi huu. Ningeweza kumlipia. Tungeweza kuigawa ile bluu kama bibi walivyogawa doti: kwa mmoja shati, kwa mwingine kilemba tu.

Picha nyingine tumepanga kuipiga Agosti, pamba ikishauzwa. Hakuna sare. Shangazi amesema atavaa kanga yake nyekundu, ambayo haiendani na chochote. Nitamwomba akae katikati.