"Kijiti": Wimbo Unaokataa Kuanua Matanga

Nilipokuwa mdogo, Tanga, nilidhani "Kijiti" ni wimbo wa kuni. Bibi aliuimba akikuna nazi, nami nikaona sawa tu: jikoni kuna kuni, kuna vijiti, basi na wimbo wake upo. Nilikuwa nimeshafika chuo kikuu ndipo nikayasikiliza maneno yake vizuri. Kijiti ni mtu. Tena ni muuaji.

Kwa asiyeujua, huu ni wimbo wa Siti binti Saad, yule muuza vyungu wa Fumba aliyehamia mjini Unguja mwaka 1911, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Unasimulia kisa cha kweli. Mwanamke anatoka Dar es Salaam kwenda Unguja kutembea. Anatoka na wenzake kwenye starehe, na huko Kijiti anamuua, naye ana mimba. Kijiti anavuka bahari, anapotelea bara. Wanaofikishwa mahakamani na kufungwa ni wanawake waliokuwa na marehemu. Yaani aliyeua yuko nje, waliofiwa wako ndani.

Siku hizi kila mtu anasema muziki ni dawa. Sina ugomvi na hilo, ila nauliza: dawa ya namna gani? Nyimbo nyingi za msiba hutuambia tumwachie Mungu, tupoe, tuanue matanga. Siti hatuambii tupoe. Hatupeleki kaburini wala hatuhesabii machozi. Anatuonyesha hila za Kijiti na namna haki ilivyowageukia wasio na hatia. Anasimulia kama shahidi ambaye hakimu hakumwita, basi akaamua kutoa ushahidi wake mbele ya watu, kwa udi na fidla.

Bi Kidude naye aliuimba, na kwangu mimi yeye ndiye aliyeuongezea hasira. Siti anaeleza, Kidude, kwa ile sauti yake nzito iliyokwaruza, anagomba. Tangu tukio lenyewe hadi Kidude alipofariki mwaka 2013 ni miongo mingi, na bado alikuwa akiimba kama vile Kijiti kavuka jana usiku. Huo ndio ukumbusho. Kesi ilifungwa zamani, wimbo haukufungwa.

Lakini kuna jambo lilinikera miaka mingi. Wimbo una jina la muuaji. Mwimbaji ameandikiwa wasifu mzima na Shaaban Robert. Kijiti ana wimbo. Marehemu ana nini? Nilisema mezani, mbele ya mama, kwamba hapo Siti alikosea: amemwacha mwanamke yule bila jina, kama sisi waandishi wa habari tunavyoandika "mwanamke mmoja" halafu tunaendelea na bei ya sukari.

Mama akaweka kijiko chini. Akaniuliza kama nilishawahi kumsikiliza bibi hadi mwisho.

Nyumbani kwetu tulijua mama mdogo alikufa kabla sijaanza shule, na kwamba haulizwi. Siku ile ndiyo nikaambiwa. Alikutwa amekufa kwenye chumba cha kupanga. Mwanamume aliyekuwa akiishi naye alitoroka, hakukamatwa mpaka leo. Baadaye nililitafuta gazeti la wakati ule. Mistari minne. Mwanamke mmoja.

Bibi hakulia mbele ya watu. Alirudi jikoni, akaendelea na nazi zake. Ila mama anasema, kila alipofika penye jina la Kijiti, mara nyingine alilitoa, akaweka la yule bwana.

Nimeukosoa wimbo huu kwa miaka mingi kwa sababu sikuelewa jina lile lipo pale kwa kazi gani. Marehemu hahitaji wimbo umkumbushe kwa mama yake. Anayetegemea kusahaulika ni yule aliyevuka bahari. Siti aliacha nafasi ndani ya wimbo, na bibi yangu, ambaye hakuwahi kuitwa kutoa ushahidi popote, akaingia nayo.

Alipona? Hapana, sidanganyi. Lakini kwa dakika chache kila jioni, kwenye kibao cha mbuzi, kesi ya mwanawe ilisikilizwa. Mama mdogo aliitwa Zuhura. Bibi ameshafariki, na mimi sijui kuimba, kwa hiyo naandika.