Programu ya kanji: kosa lililojificha kwenye fonti

Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, ameshazoea herufi za Kichina. Anaziona kwenye malori, kwenye mageti ya migodi, kwenye maboksi ya bidhaa sokoni. Kanji za Kijapani asili yake ni hukohuko China, na hapo ndipo programu ya simu ya kufundishia kanji inaweza kukosea kabla mwanafunzi hajafungua somo la kwanza.

Chukua 直. Ndani ya simu, herufi hiyo ni namba tu, U+76F4. Mwaka 1992 Unicode, mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi namba, iliunganisha herufi za China, Japani na Korea, ikazipa 20,902 kati yake namba za pamoja hata pale ambapo Tokyo na Beijing hawaandiki sawa. Mjapani hupinda mstari mmoja kushoto na chini ya kisanduku. Mchina hukikalisha kisanduku juu ya mstari ulionyooka. Namba ni ileile, umbo linaamuliwa na fonti. Simu ya Android iliyowekwa Kifaransa au Kiswahili, isipoambiwa kwamba maandishi ni ya Kijapani, kwa kawaida hukimbilia fonti ya Kichina. Mwanafunzi wa mji wa Kasaji, magharibi mwa Kolwezi, atakariri umbo la Beijing akidhani anajifunza la Tokyo.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kutia alama ya lugha, ja, kwenye kila maandishi. Ya pili ni programu kubeba fonti yake yenyewe. Noto Sans CJK, waliyoitoa Google na Adobe mwaka 2014, faili yake ya Kijapani ina megabaiti 16 hivi, na huo ni mzigo kwa mtu anayenunua mega kidogokidogo. Lakini ukibakiza kana, yaani herufi za silabi za Kijapani, na kanji 2,136 za jōyō, orodha rasmi ya matumizi ya kawaida ya mwaka 2010, inapungua sana. Mimi ningebeba fonti. Alama ya lugha ni rahisi kuisahau kwenye kitufe kimoja, na wa mwisho kugundua kosa hilo ni mwanafunzi mwenyewe.

Mfuatano wa kuandika mistari ya kanji una mtego wa aina hiyohiyo. Hazina ya KanjiVG, iliyoanzishwa na Ulrich Apel, imechora kila kanji iliyomo mstari kwa mstari, kwa zamu yake, ndani ya mraba wa 109 kwa 109. Mstari aliouchora mwanafunzi kwa kidole hugawanywa katika nukta zenye nafasi sawa, kisha hulinganishwa na ule wa hazina: umeanzia wapi, umeelekea wapi, umeishia wapi. Hesabu hiyo simu ya bei nafuu inaiweza bila mtandao. Ila 右 ya Japani huanza na mstari wa mshazari, na 左 huanza na ule wa kulala; China zote mbili huanza na wa kulala. Ukichota data ya Kichina kwa haraka, utamkosoa aliyeandika sawasawa.

Ratiba ya marudio haina haja ya maajabu. Kanuni ya SM-2 ya Piotr Woźniak, ya mwaka 1987, inatosha: kanji hurudi baada ya siku 1, kisha 6, kisha muda unazidishwa kwa kipimo kinachoanzia 2.5 na kubadilika kulingana na jibu. Kinachovuruga ni saa ya simu. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Basi programu ihifadhi kumbukumbu ya majibu yote, na ikatae tarehe iliyo kabla ya jibu la mwisho.

Inabaki maana ya kila kanji. Kamusi ya KANJIDIC ya Jim Breen ina maana kwa Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kireno, na leseni yake inaruhusu kutumia na kuongeza, mradi umtaje mwenyewe na uache kazi yako wazi kwa masharti yaleyale. Kifaransa kitamfaa aliyemaliza shule Kasaji, lakini hakitamfaa kila mtu. Vijana wa Kolwezi mnaoandika programu, anzeni na kanji 80 za darasa la kwanza la Japani, mziandikie maana kwa Kiswahili, halafu mziachie wazi wengine waendeleze.