Mchezo wa bunduki unaoufundisha mkono kungoja

Huku Uvira, mashariki mwa Kongo, umeme ukipatikana, kuna mchezo mmoja wa kompyuta ambao bado naurudia: Metal Gear Solid V: The Phantom Pain. Hideo Kojima na kundi lake waliutoa Septemba 2015 chini ya kampuni ya Konami ya Japani. Hadithi yake ni ya mwaka 1984, kabla ya mambo tuliyoyaona katika Metal Gear ya kwanza iliyotoka 1987, na inachezwa Afghanistan na mpakani mwa Angola na Zaire. Mpaka ule uko mbali nasi, upande wa pili wa nchi. Lakini Zaire ilikuwa nchi yetu sisi pia, na mafundi wa Japani waliijenga kwa uangalifu.

Unamwona askari wako kwa nyuma, kama ilivyo katika michezo mingi ya kupiga risasi. Kazi ya kwanza hapa, hata hivyo, ni kutazama. Unalala majanini juu ya kilima, unatoa darubini, unawafuata walinzi mmoja mmoja: huyu anazunguka ghala, yule amesimama karibu na redio, wa tatu yuko juu mnarani. Ukimtazama mlinzi kwa utulivu anawekewa alama, nawe utajua aliko hata akipita nyuma ya ukuta. Baada ya hapo uamuzi ni wako. Utakata umeme wa kambi uingie gizani? Utalipua mtambo wa redio ili wakikuona wasiite msaada? Au utamlaza mlinzi kwa risasi ya usingizi, umfunge puto apae angani, na kesho awe mtu wa kikosi chako?

Ustadi ninaoupenda zaidi hauna kelele. Ukizoea kulenga vichwa, baada ya muda walinzi wanaanza kuvaa kofia za chuma. Ukizoea kushambulia usiku, wanapata miwani ya kuonea gizani. Ukitumia gesi, wanavaa barakoa. Mchezo hauhitaji kukuonya kwa maneno, kwa kuwa mazoea yako unayaona yamevaliwa na adui.

Lugha nayo ina uzito wake. Ukimkaba askari ili akupe habari, hutaelewa kitu kama huna mkalimani: wa Kirusi kule Afghanistan, wa Kiafrikana na wa Kikongo kule mpakani. Lazima umtafute mtu huyo, umtoe kambini akiwa hai. Sisi tuliokulia katika mji ambamo Kifuliiru, Kivira, Kinyamulenge, Kibembe na Kiswahili hukutana soko moja tunajua kwamba anayeweza kusikilizana na watu huona njia mapema kuliko mwenye bunduki.

Kisha wanakuja watoto. Unatumwa kwenye mgodi wa Kungenga kuwaua wafungwa, na ukifika unakuta ni watoto. Unakataa kazi uliyolipwa, unawaongoza watoke katikati ya walinzi, na aliyeumia mguu unambeba. Baadaye unakutana na watoto wengine, safari hii wameshika bunduki, na wanakupiga risasi kama askari yeyote. Ukimwua mmoja tu, umeshindwa, unaanza upya. Silaha nzito ulizozitengeneza kwa muda mrefu hazina kazi tena. Unabaki na risasi ya usingizi, mikono yako na subira.

Huku kwetu jambo hilo lina historia. Vita vya waasi wa AFDL vilianza mwaka 1996 katika milima hii ya Mulenge na bonde la Ruzizi, Uvira ikaanguka Oktoba, na kadogo, yaani askari watoto, wakatembea na bunduki hadi Kinshasa, Mei 1997. Machi 2012, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilitoa hukumu yake ya kwanza kabisa: Thomas Lubanga wa Ituri alipatikana na hatia ya kuwaingiza vitani watoto wa chini ya miaka 15. Sheria ya kutowaingiza watoto vitani wengi wetu tuliisikia redioni tu. Katika mchezo huu iko kwenye kidole. Kijana anayecheza hahubiriwi kwamba mtoto mwenye bunduki bado ni mtoto. Anatakiwa kulitenda jambo hilo huku anapigwa risasi, akitafuta njia ya kumfikia bila kumwua.

Ndiyo maana naona Kojima na wenzake ni mafundi wa kweli. Wazo lao kubwa wangeweza kulitia kwenye hotuba ya mhusika, nasi tungeliruka kwa kubonyeza kitufe. Wao wakalitia kwenye kanuni, mahali ambapo hakuna mchezaji awezaye kuliruka. Vijana wa Bukavu, Goma na Nairobi wanaojifunza kutengeneza michezo wauchunguze mchezo huu kwa jicho hilo, maana vita tunavyo vya kusimulia, na kanuni nzuri itavisimulia kwa haki.