Majaribio mara 590 ya msimbo: namna SQLite inavyofanya kazi

Mwenye simu ya Android anayo SQLite, hata kama hajawahi kulisikia jina hilo. Orodha yake ya namba za simu imo humo, na ujumbe wake wa WhatsApp pia. Ni kanzidata isiyo na seva: data yote iko kwenye faili la kawaida ndani ya kifaa, na msimbo wa kulisoma umo ndani ya programu inayolitumia. Inatunzwa na timu ya watu wa kuhesabika kwa vidole, chini ya D. Richard Hipp wa Charlotte, North Carolina. Watu wachache hivyo wanawezaje kubadilisha msimbo unaotegemewa na mabilioni ya vifaa, na bado wakalala usingizi?

Mwaka 2000 Hipp alikuwa akitengeneza programu ya manowari ya Jeshi la Majini la Marekani. Data ilikaa kwenye seva ya kanzidata ya Informix, na seva ikizima, programu yake ndiyo iliyoonyesha dirisha la kosa. Lawama zikamwendea mwenye dirisha. Akaona ni heri data isomwe moja kwa moja kutoka kwenye diski, na Agosti mwaka huohuo toleo la kwanza la SQLite likatoka.

Kilichoitofautisha na miradi mingine kilikuja baadaye. Timu iliamua kufuata kipimo kilichotoka kwenye DO-178B, kanuni zinazotumika kuidhinisha programu za ndege. Kipimo hicho hakiridhiki na kila mstari kupitiwa. Kila tawi, yaani kila mahali msimbo unapochagua njia, lazima lifuatwe pande zote mbili, na kila sharti dogo ndani ya uamuzi lithibitishwe kwamba peke yake linaweza kuugeuza uamuzi huo. SQLite ilifikia asilimia 100 mwaka 2009. Kufikia toleo la 3.42.0 la mwaka 2023, nyaraka za mradi zilihesabu mistari kama 156,000 ya msimbo wenyewe, na mistari milioni 92 ya majaribio. Ndiyo hiyo mara 590.

Wingi huo ungekuwa mbwembwe tupu kama majaribio yangeuliza tu iwapo mbili na mbili ni nne. Hayafanyi hivyo. Chukua suala la kumbukumbu kuisha, jambo ambalo wengi wetu hatulijaribu kamwe. Fankisheni ya kuomba kumbukumbu inabadilishwa na nyingine iliyotegwa: ombi la kwanza likataliwe. Jaribio linaendeshwa, inakaguliwa kama programu imejitoa salama. Kisha linarudiwa, safari hii ombi la kwanza likubaliwe na la pili likataliwe, halafu la tatu, hadi kazi nzima imalizike bila kukutana na mtego. Makosa ya kusoma na kuandika diski yanategwa kwa njia hiyohiyo.

Umeme nao una jaribio lake. Programu moja inaandika kwenye kanzidata kupitia diski ya kuigiza, kisha inakatwa ghafla katikati ya kazi, na maandishi ambayo hayajathibitishwa kufika diskini yanavurugwa makusudi. Programu nyingine inafungua kilichobaki na kuuliza swali moja tu: je, muamala umekamilika wote, au umefutika wote? Hakuna jibu la tatu. Yeyote ambaye simu yake imewahi kuzimika kwa kuishiwa chaji akiwa anaandika ujumbe amelifanya jaribio hili bila kujua.

Hata hivyo asilimia 100 haikuwa kinga. Mwaka 2015 mtafiti wa usalama wa kompyuta Michał Zalewski alielekeza chombo chake cha American Fuzzy Lop kwenye SQLite. Chombo hicho huilisha programu data iliyoharibiwa, kikijifunza njiani ni uharibifu gani unafungua njia mpya ndani ya msimbo. Kilipata hitilafu zaidi ya 20. Hapo ndipo palipo na utamu wa uchambuzi huu, kwa sababu aina hizi mbili za majaribio zinavutana. Anayetaka kila tawi lipitiwe huchukia msimbo wa tahadhari, ule wa kukagua jambo lisiloweza kutokea, maana tawi lake halifikiki. Anayeogopa data mbovu anautaka msimbo huohuo.

Suluhisho la timu ya SQLite ni vibandiko viwili, ALWAYS na NEVER, vinavyozungushiwa masharti ya aina hiyo. Wakati wa kutengeneza programu, sharti likienda kinyume na kibandiko, programu inasimama na kupiga kelele. Wakati wa kupima matawi, kibandiko kinageuka kuwa jibu lisilobadilika, kwa hiyo hakuna tawi la kupimwa. Kwenye toleo la watumiaji, sharti linakaguliwa kama kawaida. Kwangu mimi hii ni kazi ya fundi hasa.

Timu nyingi zinazofuata ajaili, utaratibu wa kujenga programu kwa awamu fupi ziitwazo sprinti, hupima tija kwa pointi zilizofungwa kila sprinti, na majaribio ndiyo ya kwanza kukatwa tarehe ikikaribia. Kwa Hipp na wenzake hitilafu haihesabiwi kuwa imerekebishwa mpaka liwepo jaribio linaloionyesha. Kabla ya kuingiza badiliko lolote huendesha seti fupi ya majaribio inayochukua dakika chache tu. Ile ndefu husubiri toleo. Kasi yao inatokea hapo: mtu anaweza kuvunja na kujenga upya moyo wa kanzidata asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana akajua alichoharibu.

Gharama ipo. Msimbo uko wazi kwa wote, lakini msaada wa msimbo kutoka nje kwa kawaida haupokelewi. Timu hiyo imeahidi kuitunza SQLite hadi mwaka 2050, na kwa ahadi ya namna hiyo mistari milioni 92 inalipa. Programu ya kuuza tiketi za tamasha moja haihitaji hata robo ya hayo. Ila ule mtego wa kumbukumbu ni mistari michache, na seva ya malipo inayoweza kukataa ombi la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu, hutegwa vivyo hivyo.