"Tafadhali" Moja Haitoshi: Uchambuzi wa Kijitabu cha Kijapani cha Biashara

Muhula uliopita mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili aliniletea kijitabu cha kurasa 24, nakala ya fotokopi, alichokinunua katika kibanda kimoja hapa Kansanga kando ya barabara ya Ggaba. Hakina jina la mtungaji wala la mchapishaji. Kimekusanya sentensi za Kijapani zitumikazo katika shughuli za biashara, na kila sentensi imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi huyu humfanyia kazi za muda mfanyabiashara anayeagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Aliniuliza: "Mwalimu, mbona kila sentensi hapa ni 'tafadhali'?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Nikiri mapema kuwa mimi si bingwa wa Kijapani. Nilijifunza misingi yake, nikaiendeleza kwa masomo ya redio ya NHK yanayotolewa kwa Kiswahili pia. Lakini anayefundisha adabu ya lugha moja hupata jicho la kuiona adabu ya lugha nyingine, na ni kwa jicho hilo ninalolichambua kazi hii.

Adabu ya Kijapani, iitwayo "keigo", imo ndani ya kitenzi chenyewe. Walimu wengi huigawa katika daraja tatu: lugha ya upole (vitenzi vyenye "-masu"), lugha ya kumkweza mwingine, na lugha ya kujishusha. Mwezi Februari 2007 Baraza la Utamaduni la Japani lilitoa mwongozo uliozifikisha daraja hizo tano. Kwa hiyo "kuja" kwa mteja ni "irasshaimasu", na "kuja" kwangu mimi mwenyewe mbele ya mteja ni "mairimasu". Kijitabu chetu kimezitafsiri zote mbili "kuja", basi. Msomaji hawezi kujua ni ipi ya kujisemea mwenyewe na ipi ya kumsemea mgeni.

Tutazame sentensi ambayo mwanafunzi wangu anaihitaji kila wiki. Tangu mwaka 2018 sheria ya Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu litengenezwe, hivyo hati zinazoonyesha mwaka wa gari si jambo la mzaha. Kuomba atumiwe hati hizo, kijitabu kinampa "okutte kudasai", yaani "tafadhali nitumie". Hapo hakuna kosa, ila ni kauli ya mtu anayeelekeza. Kisha kinampa "okutte itadakemasen ka", na tafsiri yake ni: "Huwezi kunitumia?"

Hapa mtungaji ameteleza vibaya. Kweli "-masen" ni kikanushi na "ka" ni alama ya swali. Lakini katika Kijapani swali la kukanusha hulainisha ombi, ilhali katika Kiswahili hulikaza. Ukimwambia mtu "Huwezi kunitumia?" umeshamlaumu, tena karibu kumgombeza. Isitoshe, mtenda amebadilishwa. Kitenzi "itadaku" maana yake ni kupokea kwa unyenyekevu, na anayepokea ni mwombaji. Mwombaji hamuulizi mwenzake kama anaweza kutuma. Anauliza kama yeye mwenyewe anaweza kupata fadhila ya kutumiwa. Na Kiswahili kina njia inayokaribiana sana na hiyo: "Naomba unitumie," au kwa upole zaidi, "Ningeomba nitumiwe." Sentensi inaanza na mwombaji, kitenzi kinaishia na "-e", kauli ya kutendewa inamwondolea mtumaji mzigo wa kuamrishwa, na "-nge-" inaacha mlango wazi. Yote hayo tunayo, na neno "tafadhali" halijatajwa hata mara moja.

Sehemu ya simu inasikitisha zaidi, maana hapo ni Kijapani chenyewe kilichoharibiwa. Mgeni anapiga simu kumuulizia mkurugenzi, naye hayupo. Kijitabu kinamfundisha karani ajibu: "Tanaka-sama wa irasshaimasen." Naona mtungaji ni mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu, akaona haya kumtaja mkubwa wake bila heshima. Lakini kwa Wajapani, mbele ya mtu wa nje mkubwa wako ni mtu wa nyumba yako, na nyumba yako huishusha. Karani husema "Tanaka wa seki o hazushite orimasu": jina tupu bila hata "-san", na kitenzi cha kujishusha. Jaribu kulitaja jina tupu la mkuu wa kitivo mbele ya wageni hapa chuoni, uone! Hata hivyo mantiki yenyewe si ngeni kwetu. Mswahili mwenye nyumba ya ghorofa humwambia mgeni, "Karibu kwenye kibanda chetu," akitumia kiambishi "ki-" kujidunisha. Mjapani naye huiita kampuni yake "heisha", kampuni yetu duni, na ya mwenzake katika barua huiita "kisha", kampuni yako tukufu. (Mwanafunzi wangu aliidhani hiyo "kisha" kuwa ni hii yetu.)

Salamu ya wafanyakazi "otsukaresama desu" imetafsiriwa "wewe umechoka". Mganda yeyote angeielewa papo hapo kama angeambiwa tu kwamba ni "gyebale ko". Kwa Kiswahili tungesema "pole na kazi". Na "chotto muzukashii desu" imetafsiriwa "ni vigumu kidogo", neno kwa neno bila kosa, lakini aghalabu katika biashara maana yake ni "haiwezekani". Mfanyabiashara wetu ataendelea kubembeleza bei wiki nzima. Sisi tuliokwisha kuambiwa "tutaona" tunajua maana yake.

Wapo watakaosema haya yote hayana haja kwa kuwa wauza magari wa Japani huandikiana na wateja kwa Kiingereza. Ni kweli kwa barua nyingi. Lakini gari hilo hushushwa Mombasa au Dar es Salaam, na huko wakala wa forodha huzungumza naye kwa Kiswahili. Mwanafunzi wangu alinionyesha ujumbe aliomwandikia wakala wa Mombasa: "Leta karatasi za gari. Nataka leo." Hakukusudia ubaya. Kiswahili chake kimepitia kwa watu waliokisikia kambini, na sisi walimu tumemfundisha umoja na wingi, ngeli na nyakati, lakini hatukumwonyesha umbali uliopo baina ya "leta", "niletee" na "naomba uniletee". Kosa ninalomlaumu mtungaji wa kijitabu nimelikuta katika mtihani niliotunga mwenyewe: maswali 40 ya sarufi, na hakuna hata moja lililouliza nani anasema na nani.

Kurasa za nambari, tarehe na siku za juma katika kijitabu hiki ni nzuri na zinaweza kutumika. Sehemu za barua na simu, yaani ukurasa wa 9 hadi wa 20, mwanafunzi asizikariri. Nakala ninayo ofisini. Mwalimu anayetaka kuitumia darasani kama zoezi la kusahihisha tafsiri anakaribishwa kuichukua.