Dosiye Iliyolala: Filamu za Journal 64 na L'Empire du silence

Hadithi ya upelelezi hujengwa juu ya swali moja: nani ametenda? Filamu ya Denmark Journal 64 (2018), iliyoongozwa na Christoffer Boe kutokana na riwaya ya Jussi Adler-Olsen (2010), yaanza kwa swali hilo. Nyuma ya ukuta wa nyumba moja mjini Copenhagen zagunduliwa maiti tatu zilizokauka, zimekaa mezani. Kiti cha nne ki kitupu. Carl Mørck na Assad, wapelelezi wa Idara Q inayoshughulikia kesi zilizoachwa zamani, wafuata nyayo hadi kisiwa cha Sprogø. Hapo hadithi yagusa historia ya kweli: tangu 1923 hadi 1961 wanawake waliohesabiwa wapotovu walifungiwa humo, na wengi walifungwa uzazi kwa idhini ya sheria za 1929 na 1934.

Ubora wa filamu umo katika jambo hili: uovu uliandikwa na kuwekewa namba. Neno journal, kwa Kidenmaki, ni pia faili la mgonjwa. Udhaifu wake nao watokana na hapo hapo. Kwa kutaka kuutia moyo wa mtazamaji wasiwasi, filamu yamtwika lawama daktari mmoja, Curt Wad, na kundi lake la siri. Sheria iliyopitishwa hadharani yageuka njama ya watu wachache, na akipatikana mbaya wao, mtazamaji hurudi nyumbani ametulia.

Mtazamaji wa Bukavu hatulii hivyo. L'Empire du silence (2021), filamu ya kumbukumbu ya Mbelgiji Thierry Michel, yaonyesha upande wa pili wa kesi za zamani. Dosiye ipo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010 ilieleza matukio 617 ya ukatili mkubwa yaliyotokea Kongo kati ya Machi 1993 na Juni 2003. Yamo ya Lemera (1996), Kasika na Makobola (1998), majina ambayo Kivu ya Kusini iliyajua kabla ya ripoti yoyote. Daktari Denis Mukwege, alipopokea Tuzo ya Nobeli mjini Oslo mwaka 2018, alikumbusha kwamba ripoti hiyo imelazwa katika mtoto wa meza huko New York. Mahakama maalumu anayoidai haijaundwa. Kwa hiyo swali la filamu ya Michel ni jingine: nani ataifungua dosiye?

Kiingereza huiita kesi ya namna hii "baridi", kama maiti. Kiswahili chaweza kusema kesi imelala, na aliyelala huamshwa. Hata hivyo wahenga walionya: usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Methali hiyo ndiyo sheria ya kimya ambayo filamu zote mbili zaishtaki. Journal 64 yaivunja kwa ushujaa wa wapelelezi wawili, kisha yafunga faili. L'Empire du silence haina mpelelezi wala mwisho, na kwa sababu hiyo yaitendea haki zaidi damu inayosimuliwa: yamwacha mtazamaji na faili mikononi, liko wazi.