Kumpima Fundi wa Kusuka Mota

Ukitaka kumjua fundi wa kusuka mota, usimpime kwa mota aliyokwisha kuimaliza. Ikishapakwa rangi na kufungwa vifuniko, iliyosukwa vizuri na iliyosukwa ovyo hazitofautiani, na zote mbili zitazunguka siku ya kwanza. Nenda siku unayompelekea ile iliyoungua, ukae karibu na benchi lake, umtazame anavyoifungua.

Shituru hazikosekani mota za kupeleka. Sehemu hii ya mji wa Likasi imekua kandokando ya kiwanda cha shaba kilichoanzishwa na Union Minière mwaka 1929, kikaja kuwa mali ya Gécamines. Kuyayeyusha madini kwa asidi kisha kuivuta shaba kwa umeme ni kazi inayotegemea pampu, na kila pampu ina mota yake. Nje ya ukuta kuna vinu vya kusaga unga wa bukari, misumeno ya mbao na pampu za visima. Umeme nao una tabia zake: unakatika, unarudi na nguvu ya kupita kiasi, au unarudi fezi mbili badala ya tatu. Hiyo ya fezi mbili ndiyo inayowapa mafundi kazi.

Fundi wa kweli hakimbilii patasi. Kwanza anavitazama vichwa vya koili, pale waya zinapojitokeza nje ya chuma cha stata, kwa sababu mota iliyoungua imeshaandika yenyewe kilichoiua. Koili zote zikiwa nyeusi sawasawa, mota ilielemewa na mzigo, au volti zilikuwa chini, au vumbi la unga liliziba njia ya hewa. Baadhi ya mafungu yakiwa makaa na mengine yamebaki na rangi ya asali, fezi moja ilipotea. Hapo mjuzi anaendelea kusoma: kwenye mota iliyofungwa kwa nyota, fezi mbili huungua na moja hupona, iliyofungwa kwa pembetatu, huungua moja na kupona mbili. Doa jeusi mahali pamoja tu ni vanishi iliyochubuka, waya zikagusana. Unga wa kijani au wa buluu kwenye vichwa vya kuunganishia, hasa kwa mota iliyotoka karibu na matangi, ni kazi ya mvuke wa asidi.

Aliyeyaona hayo hataanza na bei. Atakuuliza: «Mama, kwenye kinu chako kuna rilei ya kulinda fezi?» Ukimjibu hakuna, atakwambia ununue hiyo kwanza, maana mota itarudi kwake ikiwa imeungua vilevile. Fundi anayekurudishia mota bila kukueleza ilikufa kwa nini amekuuzia waya tu, hata kama mkono wake ni mwepesi namna gani.

Jicho hilo unaweza kulijaribu hata kwa mashine isiyo na koili ya kusuka. Mletee mashine ya kukatia kwa leza ambayo mota zake zimeacha kusogea. Mota zake ndogo za kwenda hatua kwa hatua haziungui kwa urahisi, na zikinyamaza zote kwa pamoja, mjuzi hazishuku zenyewe. Anashuku kitu zinachochangia, kama pawasaplai au swichi ya dharura iliyobaki imebonyezwa. Atawasha mashine na kusukuma kichwa cha leza taratibu kwa mkono. Kikiwa kigumu, mota zina umeme ila amri ya kutembea haizifikii. Kikiteleza bure, umeme haufiki, au draiva haijaamka. Ikiwa ni mhimili mmoja tu uliokwama, atazima, abadilishane plagi za mota mbili, awashe tena aone ubovu umehamia wapi. Na mota ikizunguka huku kichwa kimetulia, atakaza kaskrubu ka puli, kazi ya dakika moja. Anayeanza kwa kukuagizia mota mpya, mshukuru na uondoke.

Turudi kwenye benchi. Kabla ya kung'oa waya, kuwe na daftari: idadi ya mifereji, mizunguko ya kila koili, hatua ya koili, namna ya kuunganisha, unene wa waya uliopimwa kwa maikromita. Unene ndio mlango wa wizi. Waya wa milimita 0.80 unaingia kwa raha palipokuwa na wa 0.90, lakini umepunguza shaba kwa asilimia 21, na mota itachemka kwa mzigo uleule iliokuwa ikiubeba.

Tazama pia anavyoondoa vanishi ya zamani. Wengine huitupia stata kwenye moto wa matairi. Moto huo hauna kipimo. Ukipita nyuzi 370 hivi unaharibu kizio kilicho kati ya mabati membamba ya stata, na mota inapata joto hata ikizunguka bila mzigo. Chuma kilichogeuka buluu usikikubali, hata waya zikisukwa na malaika.

Koili mpya zilale sambamba bila kupishana, karatasi ya kizio ijitokeze kidogo pande zote mbili za mfereji, na kati ya fezi na fezi pawe na kitenganishi. Kisha vanishi: stata izamishwe, iokwe, izamishwe tena. Ya kupakwa kwa brashi inang'aa nje tu. Gusa kichwa cha koili kwa kucha. Waya hata mmoja ukicheza peke yake, mtetemo utaumaliza.

Kuna jambo linaloudhi. Shaba ya hapa inatoka ikiwa mabamba kupitia mpaka wa Kasumbalesa, na waya wa kusukia tunaununua ukiwa kwenye roli kutoka mbali, mwingine ukiwa alumini iliyovikwa shaba. Alumini hupitisha umeme kama asilimia 61 tu ya shaba. Kata ncha, ikwangue, uangalie kama ndani ni nyeupe.

Siku ya kuchukua mota, dai vipimo mbele yako. Megga, yaani kipima kizio, ya volti 500 isome megaomu mamia. Ikisoma chache, unyevu bado umo. Ukinzani wa fezi tatu ulingane, na ampea za kuzunguka bila mzigo zikaribiane kwenye waya zote tatu. Fundi aliyeiva atakukumbusha na jambo moja ambalo kibati cha mota hakilisemi: nguvu iliyoandikwa pale kwa kawaida ni ya mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya bahari, na Likasi iko kwenye mita 1,300 hivi. Hewa nyepesi inapoza kidogo, kwa hiyo usiibebeshe mota mzigo wake wote kutwa nzima.

Mwisho omba waya wa zamani. Mafundi wengi huubakiza wauze chakavu, na hakuna ubaya mkikubaliana, ila kwanza upimwe mbele yako, na roli jipya lipimwe kabla na baada ya kazi. Uzito uliotoka na ulioingia ukipishana sana, hata mzani wa muuza chakavu utaonyesha.